Usiitazame Shabaha

Usidhani kulenga ni kufumba jicho moja na kuikodolea shabaha. Hivyo ndivyo nilivyofanya Jumamosi yangu ya kwanza klabuni na bastola ya upepo, na lile duara jeusi likabaki zima, bila tundu hata moja.

Shabaha huwa mita 10 mbele yako. Duara halifiki milimita 60 kwa upana, nazo pointi 10 zimo katika kiduara cha milimita 11.5. Unashika bastola kwa mkono mmoja tu. Ule mwingine unautia mfukoni.

"Ndugu, watazama nini?" mwalimu akaniuliza.

"Shabaha."

Akacheka. Jicho, alisema, haliwezi kuona vyema kitu cha karibu na cha mbali kwa wakati mmoja. Tazama kile kijino kilicho mwisho wa mtutu, ukiweke katikati ya mwanya wa nyuma. Duara liache lififie. Mkono kuyumba kidogo si neno, lakini kijino kikihama milimita moja tu mwanyani, risasi hukosea takriban milimita 30. Kifyatulio nacho ukivute polepole.

Nikajaribu. Kijino nacho kikawa ukungu! Na asubuhi nzima nilikuwa nikiilaumu bastola. Nikafumba jicho la kulia, nikatumia la kushoto: kikaonekana wazi kabisa.

Miaka mitatu mke wangu amenisihi nikapimwe macho, nami humjibu kuwa taa ya sebuleni ndiyo hafifu. Jumatatu nilikwenda. Miwani itakuwa tayari Ijumaa. Mke wangu bado sijamwambia.