Tom Kibarua

Kibandani kwangu hapa Migato, usiku ni mpira na filamu zilizotafsiriwa. Jumamosi mchana ni zamu ya watoto, nao hawaombi kingine ila Tom na Jerry. Flashi najaziwa Bariadi mjini, katuni zote zimechanganywa bila mpangilio. Humo zimo 13 ambazo wapenzi wengi wa mfululizo huu huziita mbovu kupita zote. Mimi nazionyesha, hasa moja: Sorry Safari ya mwaka 1962.

Ukikaa karibu na spika unazitambua hata kabla ya kutazama kioo. Katika zile 114 za William Hanna na Joseph Barbera, za 1940 hadi 1958, muziki unamfuata paka hatua kwa hatua. Hizi 13 zina mwangwi. Kila kishindo kinalia kama tangi tupu lililogongwa kwa nyundo. Chini ya bati langu mwangwi huo unazidi, ndiyo maana napunguza sauti mapema. Sauti hizo ni kazi ya Tod Dockstader, fundi aliyetengeneza muziki kwa kukata na kuunga kanda. Picha nazo hukatakata, na uso wa Tom hubadilika ovyo. Hilo silitetei.

Studio ya MGM ilikuwa imefunga idara yake ya katuni mwaka 1957. Ilipotaka Tom na Jerry tena, kazi ya hizi 13 alipewa Gene Deitch, Mmarekani aliyekuwa akiishi Praha, kwa bajeti ndogo na wachoraji wa Czechoslovakia ambao hawakuwa wamewazoea paka na panya hawa. Deitch hakuwa mtu wa kubahatisha: katuni yake Munro ilishinda Oscar. Baadhi ya mafundi wa Praha waliandikwa kwa majina yaliyofanywa yasikike ya Kimarekani. Mtunzi wa muziki Štěpán Koníček akawa Steven Konichek. Kwetu ni kinyume: mtafsiri wa filamu hutangaza jina lake kwa nguvu kabla hata picha haijaanza!

Katika Sorry Safari, bwana mmoja mnene, mwenye hasira, anakuja Nairobi kuwinda, na Tom ndiye mtumishi wake. Wapo tembo, simba na kifaru. Tembo akitokea, kibanda hakikaliki, maana watoto hawa wanawajua: hutoka upande wa Serengeti na pori la Maswa wakaingia mashambani, na baba zao hukesha wakipiga madebe.

Ila kinachowashika ni yule bwana. Yumo pia katika Down and Outing na High Steaks, na kila mambo yakiharibika, hasira yake inamwangukia Tom. Wakosoaji wanaona huo ni ukatili usiochekesha. Kwa Hanna na Barbera, Tom huumia kwa ubaya wake mwenyewe; hapa anaumizwa kwa makosa ya Jerry, akiwa kazini. Watazamaji wangu wengi ni wachungaji. Ng'ombe akiingia shamba la mtu, anayechapwa ni wao. Sorry Safari ndiyo katuni pekee ambayo nimesikia kibanda kizima kikimshangilia paka.

Lakini sianzi nayo. Naiweka ya tatu, na nyuma yake natia ya Hanna na Barbera yenye mbwa, kwa sababu wadogo kabisa wakitoka na ya Praha peke yake, huwa wanaidai hela yao.