Kiangazi cha Mahindi Moi's Bridge

Kiangazi cha Moi's Bridge huanza mvua inapokatika kuelekea Desemba, kikaisha mwishoni mwa Machi mawingu yanaporudi kujikusanya juu ya Mlima Elgon. Mji wenyewe ni mdogo, uko Uasin Gishu, magharibi mwa Kenya, pale kaunti hiyo inapopakana na Trans Nzoia na Kakamega. Upande wa mashariki kuna vilima vya Cherangani, chimbuko la mto Nzoia. Magharibi kuna Elgon yenyewe, mita 4,321. Siku za mvua milima hiyo hufichika. Asubuhi za Desemba, umande ungali kwenye nyasi na baridi ingali mikononi, yote huonekana wazi, na hakuna saa nzuri kuliko hiyo. Ikifika Februari, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa huifunika tena.

Jina la kwanza la mahali hapa lilikuwa Hoey's Bridge, kwa ajili ya Arthur Cecil Hoey, mwindaji Mzungu aliyegeuka mkulima na kuweka daraja juu ya Nzoia mwanzoni mwa karne ya 20. Reli ya Kitale ilipita hapa mwaka 1926. Baada ya uhuru jina la Hoey liliachwa, likachukuliwa la Daniel arap Moi, rais wa pili wa Kenya. Wazee wengine bado husema “Hoisi”, na anayewasikiliza huelewa.

Mtoto aliyelelewa hapo miaka ya 1980 hakujua kiangazi cha kupumzika. Mahindi hupandwa mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo kazi yote ya kuvuna iliangukia miezi hiyo michache. Mabua yalikatwa na kusimamishwa mafungu mafungu shambani, kama vibanda, yakaachwa yakauke. Kisha familia nzima ilikaa chini kumenya maganda, na mahindi yakapelekwa kwenye ghala la mbao lenye nafasi za kupitisha upepo. Kupukuchua ndiko kulikochosha. Mahindi yalirundikwa juu ya kichanja cha fito au kutiwa ndani ya gunia, yakapigwa kwa fimbo mpaka punje zikadondoka. Makapi yaliingia shingoni na kuwasha hadi jioni, na dawa yake ilikuwa mto. Watoto walioga upande mmoja, akina mama wakafua upande wa pili na kuanika nguo juu ya mawe. Magunzi matupu yalibaki kuwa kuni za jikoni mpaka mvua irudi.

Mahindi yaliyokauka yalikwenda “bodi”. Hilo ndilo jina ambalo watu hapa huita Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, na maghala yake ni miongoni mwa majengo yanayoonekana kwanza mtu akikaribia mji. Trekta zenye trela, malori na hata mikokoteni ya ng'ombe vilipanga foleni barabarani, na wenye mahindi walilala juu ya magunia yao, ya kilo 90 kila moja, wakingoja zamu ya kupimwa unyevu. Aliyeambiwa kwamba yake ni mabichi aliyatandaza juu ya turubai pale pale kando ya njia, akayageuza kwa miguu kutwa nzima. Hesabu ya nyumbani ilikuwa nzito, kwa kuwa shule hufunguliwa Januari na karo ilikuwa ndani ya magunia hayo. Kupeleka mahindi kwingine hakukuwa rahisi. Hadi soko lilipofunguliwa mwishoni mwa 1993, kusafirisha magunia mengi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali, na katika mji uliokaa mpakani, mtu aliyetaka kumpelekea ndugu yake chakula ng'ambo alihesabu magunia kwa uangalifu.

Desemba ilikuwa pia na shangwe zake. Ndio mwezi wa jando la Wakalenjin. Majirani zao Wabukusu hungoja Agosti ya kila mwaka wa pili.

Baada ya 1993 madalali walianza kufika shambani na mizani yao, wakilipa papo hapo, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ya bodi. Mashine za kupukuchua zinazovutwa na trekta zikamaliza kwa saa chache kazi iliyokula wiki. Kiangazi cha uchaguzi wa Desemba 2007 kilikuwa kibaya kuliko vyote: machafuko yalienea Uasin Gishu na Trans Nzoia wakati maghala yalikuwa yamejaa, na familia nyingi zilikimbia zikiacha mavuno ya mwaka mzima nyuma yao.

Siku hizi bei hujulikana kwa simu, na malipo huingia kwenye simu hiyo hiyo. Mabua hayachomwi ovyo kama zamani, kwani wenye ng'ombe wa maziwa huyanunua. Mashamba yamegawanywa kwa warithi na mengine yamekuwa viwanja vya nyumba. Kingo za Nzoia, zilizokuwa za majani marefu, zimelimwa sukuma wiki inayomwagiliwa kwa pampu, na mvua za kwanza za Machi huteremsha udongo mwekundu wa Cherangani kupitia chini ya daraja, ukielekea Ziwa Viktoria.