Namba Sita na Pesa ya Bibi Harusi

Leo tunasimulia kosa letu wenyewe, ili lisiwe lenu.

Sisi ni mawifi wawili. Mmoja yuko Unguja, mwengine kaolewa Chala, wilaya ya Nkasi, kwenye baridi la Ufipa. Wa Unguja hununua mabuibui, udi na vitambaa Darajani. Wa Chala huviuza hadi Namanyere na Sumbawanga. Oda zote hupita WhatsApp.

Siku moja tukiwa na harusi tatu mbele yetu, simu ikalia: "Mzigo wenu umefika, nitajieni zile namba sita zilizoingia kwenye meseji." Tukazitaja kwa haraka. Kumbe ndizo ufunguo wa WhatsApp yetu! Dakika chache tu tukawa tumefungiwa nje, na mwizi akaandika kwenye kundi letu la wateja, kwa jina letu: ile hela tumeni kwenye namba hii, ya zamani ina tatizo. Bibi harusi mmoja akatuma. Ilikuwa sehemu ya mahari yake.

Mama yake akatwambia, "Kumbe nyie wa Rukwa ndivyo mlivyo!" Lilituuma, maana ripoti za TCRA zimeutaja mkoa huu, pamoja na Morogoro, miongoni mwa inayoongoza kwa namba za utapeli. Wachafuzi ni wachache, aibu ni ya wote.

Pesa hatukuila sisi, lakini mlango tuliufungua wenyewe. Mteja akikuamini, hiyo ni amana. Tukamlipa yote kutoka kwenye mtaji, na Ramadhani ile duka likawa nusu tupu.

Sasa tuna taratibu zetu. Namba za siri haziombwi na mtu mwema, kwa hiyo hatumtajii yeyote. WhatsApp tumeiwekea uthibitisho wa hatua mbili. Namba ya malipo haibadiliki kwa meseji. Ikibidi, tunampigia mteja asikie sauti zetu. Nanyi someni jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Tunapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyetu, na meseji za utapeli tunaziripoti 15040.

Mama yule bado hajarudi kununua kwetu. Hatumlaumu. Tunamuomba Allah atujaalie tuwe watu wa kuaminika, na atulindie biashara zetu na zenu. Amin.