Mazembe: Sisi Wamama Tunaipima Namna Gani?

Kila mara Mazembe ikishindwa, wababa wanarudi nyumbani na mabishano yale yale: mwenye timu ameijenga ao ameichosha?

Moïse Katumbi alishika timu mwaka wa 1997. Kombe la mabingwa wa Afrika, ambalo Lubumbashi ililipata 1967 na 1968, lilirudi 2009, 2010 na 2015. Kiwanja kipya kilijengwa Kamalondo. Tunashukuru. Lakini tangu 2015 wanaume hawajalileta tena.

Sisi tunatazama pengine. Mwaka wa 2024, wasichana wa Mazembe walichukua kombe la mabingwa wa Afrika la wanawake. Siku ile mabinti wetu walituuliza: “Mama, na mimi naweza kucheza?” Tukakosa jibu, kwa sababu wengi wetu ndio tuliowakataza.

Basi, kwa macho yetu, mwenye timu amefungua mlango mmoja mzuri. Ule wa nyumba ni sisi tunaoufunga. Juma hili tuongee na wababa: masomo yakiisha, nani atachota maji ili binti naye apate saa moja ya mpira, kama kaka yake?