Kutwa Mara Tatu

Kwa miaka kumi na sita niliuza dawa mjini Thika bila mteja kujua kwamba nina kigugumizi. Hata mume wangu alidhani mimi ni mtu wa kupima maneno.

Kuficha ni kazi ya kuchosha. Neno gumu unalihisi kabla halijafika kooni, nawe unalikwepa upesi kwa kutafuta jingine. "Panadol" ikikataa, nilisema "ya maumivu". Nyumbani ni Kimbo, Ruiru. Jioni ndani ya matatu nilingoja abiria mwingine aseme, "Kimbo, shukisha." Asipokuwepo, nilishuka Ruiru mjini na wale wengi, nikamalizia safari kwa miguu hata mvua ikinyesha. Jina ndilo lisilo na mbadala, na langu linaanza na G. Kwenye chama niliomba waniite kwa jina la mtoto wangu. Wenzangu waliona ni fahari ya mzazi.

Mwaka 2021 alikuja mama aliyeandikiwa antibiotiki ya maji kwa ajili ya mtoto wake. Niliandika kwenye chupa: kijiko kimoja, mara tatu. Kisha nikaanza kumweleza. "Kutwa mara..." T ikagoma. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na wote walikuwa wananitazama. Mdomo ukafanya ulichozoea, ukashika neno la karibu.

"Mbili," nikasema. "Asubuhi na jioni."

Siku ya tatu alirudi. Homa ilikuwa haijashuka. Nilipomwonyesha maandishi alishangaa. "Lakini dada, wewe ndiye uliyeniambia mbili." Alikuwa ameniamini mimi kuliko chupa.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini pale kaunta nilimwambia yule mama jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: nilijua ni tatu, ila neno hilo sikuweza kulitamka. Sijui nilisema kwa muda gani. Niligugumiza kila neno, naye hakuondoka.

Baadaye nilimwona tabibu wa usemi Nairobi. Nilitarajia anifundishe kuficha vizuri zaidi. Yeye alinitaka nigugumize kwa makusudi, mbele ya watu, mara kadhaa kwa siku. Nilimwona mkatili. Alinieleza habari za Joseph Sheehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa na kigugumizi mwenyewe, aliyekifananisha na mlima wa barafu baharini: kinachosikika ni kidogo, hofu na aibu ndizo zilizozama chini. Mimi barafu hiyo sijaiona. Namfikiria kiboko mtoni: unaona masikio tu, lakini mwili mzima uko majini, na huo ndio unaopindua mtumbwi.

Alinieleza pia kwamba katika watu wazima 100, takriban mmoja ana kigugumizi, na kwamba wanaume ni wengi kutuzidi, karibu wanne kwa mwanamke mmoja. Jioni hiyo nilihesabu matatu za abiria kumi na wanne zikipita Thika Road. Zikijaa saba, mmoja wetu yumo, pengine naye anangoja mwingine aseme "shukisha". Nilihuzunika kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kujihuzunikia.

Kanisani, nilipowaeleza kuhusu kigugumizi changu, waliniombea kiondoke, wakanikumbusha Musa na ulimi wake mzito. Nawapenda kwa hilo. Bado kipo. Siku hizi ombi langu ni jingine: nisilikimbie neno. Siku nyingine nalikimbia, hasa kwenye simu. Ila kipimo cha dawa sikibadilishi tena, hata foleni ifike mlangoni.

Wiki iliyopita mzee mmoja alichukua dawa zake, nami nikaanza, "Ku-kutwa mara t-t-t..." Kijana aliyekuwa nyuma yake akanimalizia, "Mbili?" Nikatikisa kichwa. Mzee akaweka fimbo kando, akaegemea kaunta, akangoja.

"T-t-tatu," nikasema.

"Tatu," akaitikia, akakunja mfuko wake wa dawa.