Kawawa, Kiswahili na Majirani wa Temeke

Wajukuu zangu, kwenu Kawawa ni jina la barabara inayopita Magomeni kwenda Kinondoni, mahali pa kukalia foleni. Sisi wa rika langu tulimjua Rashidi Kawawa kwanza kwa sinema. Miaka ya hamsini aliigiza katika Muhogo Mchungu, kabla siasa za vyama vya wafanyakazi hazijampandisha hadi uwaziri mkuu na kisha umakamu wa pili wa Rais. Januari 1967 alitangaza kwamba shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwezi uliofuata likaja Azimio la Arusha likaimeza habari ile, lakini kwa karani kijana kama mimi, amri ya Kawawa ndiyo iliyotangulia kutikisa meza.

Ofisi yetu ilinuka wino wa stensili na karatasi za kaboni, na jasho pia, kwa kuwa karani mkuu hakuruhusu mtu avue tai hata mwezi wa Februari. Mzee yule mwenye uso mrefu na miwani ya duara alikuwa na Kiingereza cha misheni kilichonyooka. Barua yake ya kwanza ya Kiswahili ilimkalisha asubuhi nzima. Mwishowe akamwita tarishi, kijana wa Kizaramo wa kule Mtoni aliyezoea kuitwa kwa kengele, akamwuliza kwa sauti ya chini kama maneno yale yamekaa sawa. Tangu hapo tarishi akiingia, alivutiwa kiti. Nikaelewa kwamba kuilinda lugha ya taifa ni kumlinda mtu asiye na cheo, mambo ya nchi yake yasimpite juu ya kichwa.

Jioni nilipanda basi la DMT kurudi Temeke, nilikopanga chumba kwa shilingi ishirini kwa mwezi. Barazani kahawa ilikuwa senti tano, ile sarafu mpya yenye samaki, na andazi senti tano nyingine. Moshi wa makaa ulichanganyika na harufu ya mafuta ya taa. Mwenye nyumba, bibi wa Kizaramo, ndiye peke yake aliyeweza kudai mizizi ya hapo hapo. Jirani yangu Mmakonde, chale zimemjaa usoni, alivuka Ruvuma kuja kukata mkonge, akaishia kubeba mizigo bandarini. Muuza kahawa alikuwa Mmanyema, babu yake alitoka Kongo. Mhindi wa duka la kona alipima mafuta ya taa huku akitupiana mafumbo na wateja, na mara nyingi yeye ndiye aliyeshinda. Nilipofundisha kisomo cha jioni chini ya karabai, vijana wa Msumbiji kutoka shule ya Frelimo pale Kurasini walibanana benchi moja na bibi zetu wasiojua kusoma. Aliyemcheka mwenzake alikemewa na bibi. Cheti cha kuzaliwa hakuna aliyekiuliza.

Msingi wa hayo uliwekwa Bungeni Oktoba 1961, uhuru ukiwa mlangoni. Wako wabunge waliotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Mwafrika peke yake. Nyerere aliwaka, akasema Serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi ya ngozi. Hoja yake ikapita, na waliokosa uraia wa kuzaliwa wakapewa miaka miwili ya kujiandikisha. Hata leo Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mwombaji wa uraia wa tajnisi ajue Kiswahili au Kiingereza. Kabila na rangi haviulizwi.

Msidhani ilikuwa pepo. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja yalitaifishwa, likiwemo ghorofa la kaka yake yule Mhindi huko Kariakoo. Ukoo mzima ukahamia Kanada. Mwenye duka alipokuja kuniaga alilifuta deni langu la sukari kwa kalamu ya risasi, bila kunitazama. Mafumbo yake yote hayakumfaa kitu siku ile. Na shuleni, Tume ya Makweta ilishauri mwaka 1982 kwamba sekondari zifundishe kwa Kiswahili; Serikali ikakataa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akakitetea Kiingereza. Mtoto wa Temeke bado anamaliza la saba kwa lugha moja na kuanza kidato cha kwanza kwa nyingine.

Julai 2025, Serikali ilipowakataza wageni biashara 15, ukarabati wa simu ukiwamo, mlishangilia kwamba Wachina wa Kariakoo wamekomeshwa. Serikali ina haki ya kulinda mkate wa kijana wake, sitabisha. Ila msije mkasema mnalinda na Kiswahili. Tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama zetu, na hilo limemsaidia mshtakiwa maskini kuliko kufunga vibanda kumi. Mgeni anayejifunza kujadili bei kwa Kiswahili anaiongezea lugha msemaji. Anayeipunguzia wasemaji ni mzazi wa Mbezi anayemwadhibu mwanawe akiizungumza nyumbani, na huyo ana kitambulisho cha taifa mfukoni.