Kila Mama na Kituo Chake Mlimani

Ukifika Marangu asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, kilele cha Kibo huonekana juu ya migomba kana kwamba kimewekwa pale kuwajaribu wageni. Tulifika akina mama tisa, mwezi wa Agosti 2023, na hata kabla hatujashuka kwenye basi ubishi ulikuwa umeanza: nani atafika juu kabisa?

Njia ya Marangu inauchochea ubishi huo, maana ina vituo. Kutoka getini unatembea kilomita 8 hivi katika msitu wenye unyevu hadi Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, na ukitaka unarudi siku hiyo hiyo. Siku ya pili ni Horombo, mita 3,720. Msitu umeisha, na baridi ya usiku huko haina adabu. Kisha mabanda ya Kibo, na usiku wa manane watu huanza kupanda changarawe kuelekea Uhuru, mita 5,895.

Baadhi yetu walitaka tuwe na lengo moja, wote Uhuru. Lakini mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne aliyeweka akiba ya vitumbua karibu miaka miwili, alisema kwa sauti ndogo, "Mimi nataka Mandara, na nataka kuwaona mbega." Wengine walimwonea huruma, kama mtu aliyeshindwa mapema. Wala hakuwa mwoga. Ni mtu wa utulivu, wa kutazama kitu mpaka akielewe, na alilijua hilo kuliko sisi tulivyolijua.

Nyumbani nako ni hivyo, mama mpendwa. Mwenye hulka ya ukimya akijilazimisha kufungua genge la kuita wateja barabarani, kwa sababu tu jirani yake mchangamfu amefanikiwa, ataumwa kichwa kila jioni. Huenda cherehani ndani ya nyumba ingemlipa vizuri zaidi.

Tulikuwa pia na mama mwepesi wa kila jambo, yule anayemaliza kufua kabla wengine hawajateka maji. Mwongozaji wetu, mzee wa maneno machache, alimtazama akianza kwa kasi, akamwambia, "Mama, huku juu anayekimbia ndiye tunayemteremsha. Wewe utatembea wa mwisho." Alinung'unika mpaka Mandara. (Na baada ya Mandara pia, tuseme kweli.) Kwake kwenda pole pole ndio uliokuwa mlima wenyewe. Alifika Gilman's Point, ukingoni mwa kasoko, akaanza kutapika, akageuka mwenyewe bila kubembelezwa. Wanaomfahamu wanajua hilo lilimgharimu nini. Wawili waliendelea hadi Uhuru.

Yule wa Mandara aliwaona mbega wake, weupe na weusi, wakirukaruka juu ya vibanda. Kisha akatembea robo saa hadi kasoko ya Maundi, akaketi kwenye nyasi akitazama tambarare za upande wa Kenya, hadi msaidizi wa mwongozaji alipomkumbusha kwamba giza linaingia mapema msituni. Fedha iliyobaki alinunulia chuma kipya cha vitumbua, chenye matundu kumi na mawili badala ya saba.